Mvua za Kona ya Maziwa

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nesi wa presha aliniambia hivi: Mama Vivi, hayo mambo unayoyazungusha kichwani yaandike, usiyaache yakae kifuani. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tano. Akasema karatasi haiulizi mtu aliishia wapi. Basi nimenunua daftari hapa Litein na leo naanza.

Mvua bado. Majani ya chai yamekuwa magumu kwa jua, tunachuma hapa kidogo, pale kidogo, kama kuku anayedonoa.

Kinachonisumbua ni Vivian. Ndiye kitinda mimba wangu, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani, kaka zake wana familia zao Nairobi. Alimaliza fomu foo mwaka jana. Sasa ananisaidia shamba, na jioni anapeleka majani kituoni kwa baiskeli ya marehemu baba yake. Juzi kuna mwanamke alimwona akipanda mlima na magunia nyuma bila kushuka. Anaitwa Wakonyo, Mkikuyu wa Londiani, ana stoo ya viazi hapa sokoni. Watu wanasema zamani alikuwa akishindana kwa baiskeli, hata nje ya nchi alifika. Alimfuata Vivian mpaka kituoni akamwambia, wewe una miguu lakini huna ufundi, kuja nikufundishe. Ana baiskeli ya mashindano ya kumwazima.

Vivian ameniuliza kama nimekubali. Nimesema nitaombea.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimeombea. Sijajibiwa. Vivian ameuliza tena.


Jumapili, tarehe 16 Machi

Wakonyo amekuja mwenyewe. Mtu mzima wa miaka kama yangu, amevaa suruali, ananuka dawa ya kuchua misuli. Nikampa chai na ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akala vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Alieleza. Siku ya Madaraka, Jumapili ya kwanza ya Juni, kutakuwa na mashindano ya barabara, kutoka Kericho hadi Litein na kurudi. Wasichana watatu wa kwanza wataingia timu anayoisaidia kule Londiani. Watakaa huko, watalishwa, watafundishwa. Akasema mafunzo ni kila Jumamosi.

Hapo nikashukuru Mungu moyoni. Nikamwambia sisi ni Wasabato, Jumamosi mtoto wangu hashiki hata jembe, sembuse baiskeli. Nilijua mambo yameisha.

Akanywa chai yake akasema, "Basi tutafanya Jumapili, Mama Vivi. Mimi na yeye peke yetu."

Vivian aliruka mpaka akamwaga maziwa. Ningesema nini tena?


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Sikuwaambia kinachoniogopesha. Ili ufike Litein kutoka Kericho lazima uteremke Kona ya Maziwa.

Kona hiyo iko karibu na kwetu. Barabara inaanguka kutoka mlimani, inajikunja mara mbili, halafu daraja. Jina lilitoka enzi za mume wangu Mokaya. Kabla ya pikipiki kujaa, maziwa ya huku yote yalienda Litein kwa baiskeli, mitungi imefungwa nyuma kwa mipira ya tairi kuukuu. Asubuhi ungesikia kengele zao tangu bado kuna ukungu. Wengi walianguka pale, na ukipita ungekuta lami nyeupe na mbwa wanalamba. Mokaya hakumwaga hata tone. Wenzake walimwita Fundi wa Kona.

Siku za soko alikuwa akinibeba mimi mahali pa mitungi. Nilikaa upande, nimeshika koti lake, na tukifika pale juu aliniambia, Janefer, funga macho. Nilifunga. Nilikuwa nasikia upepo na harufu ya maziwa kwa koti lake, nikifungua tuko darajani.

Ameenda mwaka wa nne sasa. Kifua ndicho kilichomchukua.


Jumapili, tarehe 23 Machi

Somo la kwanza. Nilienda na kiti changu cha kuchambulia maharagwe, nikakaa kando ya barabara.

Kwanza kaptura. Inabana mapaja yote. Nikauliza kama hakuna ndefu. Wakonyo akasema ndefu huingia kwenye mnyororo. Kiplangat, jirani wetu wa boda, akasimamisha pikipiki aone. Akaniambia, Mama Vivi, huyu msichana akipata misuli ya ng'ombe dume, nani ataleta ng'ombe wa mahari? Nikamwambia wewe kwanza maliza kuleta wa mke wako. Akawasha pikipiki akaenda.

Nilidhani mtu ambaye amebeba majani mlimani hana cha kufundishwa. Kumbe Vivian hajui kitu. Wakonyo anasema anakanyaga kama anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba, mguu mmoja halafu mwingine. Anataka miguu izunguke laini, kama mtu anayesaga wimbi kwa jiwe, asisikie mahali mzunguko unaanza. Tena gia nyepesi. Vivian alikuwa anaona aibu kutumia gia nyepesi, anaona ni za wazee.

Walirudi mwanangu amechoka na anacheka. Zamani alicheka hivyo akiwa na baba yake.


Jumanne, tarehe 25 Machi

Mvua imeshuka. Asante Nyasae, Mungu wetu.


Jumapili, tarehe 30 Machi

Leo walifundishana kufuatana. Mmoja mbele anakata upepo, mwingine nyuma yake anapumzika, halafu wanabadilishana. Gurudumu la Vivian lilikuwa karibu kubusu la Wakonyo. Nilishika kifua. Nikamwita nikamwambia akae mbali, Wakonyo akasikia, akasema akikaa mbali upepo unaingia katikati na kazi yote ni bure.

Jioni nikichuma nikakumbuka. Nilipoanza kazi kule kwa shamba kubwa la kampuni nilikuwa msichana mdogo, sijui kuchuma. Mama mmoja, Apiyo, mrefu, aliniweka nyuma yake kwa mstari. Mvua ya upande ikija ilimpiga yeye, mimi nikabaki mkavu. Alisema nitazame vidole vyake, nisitazame majani. Tulikuwa tunaimba mstari wote, na mlima wa pili wanaitikia. Sasa pale kuna mashine zinakata chai kama kinyozi, na hakuna anayeimba.

Pengine hicho ndicho Wakonyo anafanya.


Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Majani yamefunguka yote kwa pamoja. Tangu Jumatatu tunachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Sina nguvu ya kuandika.


Jumapili, tarehe 13 Aprili

Wameenda hadi karibu na Sotik na kurudi. Nilichemsha maji ya kuoga mara mbili, yakapoa mara mbili. Walipofika nilikuwa nimeshaandaa maneno makali, lakini Vivian alikuwa amemshika Wakonyo bega kwa sababu nyonga moja ya mwalimu wake ilikuwa imekataa. Amesema ilivunjika zamani kwenye mashindano. Nikamkanda kwa maji hayo hayo.

Nilimuuliza anaenda kanisa gani huku Litein. Akasema alikuwa anaenda Presbyterian, lakini tangu Machi Jumapili zake zimeshikwa. Alisema tu hivyo, akiwa anafunga viatu. Sikuwa nimefikiria jambo hilo hata siku moja.


Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Pasaka imepita. Mvua ya mawe imetupiga jana. Majani yametobolewa kama yaliyoliwa na kuku.


Jumapili, tarehe 27 Aprili

Ameanguka.

Nilikuwa jikoni. Nikasikia pikipiki ya Kiplangat inakuja polepole, na Kiplangat haji polepole. Nikatoka na mwiko mkononi. Vivian alikuwa nyuma yake, mweupe kama unga, na mguu wake, kuanzia nyonga mpaka goti, ngozi hakuna. Mkono umevimba. Ile kofia ngumu imepasuka upande mmoja kama kibuyu. Hiyo ingekuwa kichwa chake.

Kliniki wamesema hakuna mfupa uliovunjika. Wamemsafisha, na alinishika mkono wakati huo wote, akinifinya, bila kulia. Mimi ndiye niliyelia.

Ilikuwa Kona ya Maziwa, kwenye kukunja kwa kwanza. Ilikuwa imenyesha, lami inateleza. Anasema alishika breki, gurudumu la nyuma likaondoka lenyewe, likaenda upande kama ndama anayekataa kamba.

Wakonyo alikuja kliniki, matope mpaka magotini. Mbele ya watu wote nilimwambia aondoke. Nilimwambia, "Wewe huna mtoto. Hujui unacheza na nini."

Akasema, "Ni kweli, sina." Akachukua ile baiskeli, akaisukuma kwa miguu mpaka stoo yake.

Nimesema baiskeli imeisha katika nyumba hii.


Jumanne, tarehe 29 Aprili

Mvua.


Ijumaa, tarehe 2 Mei

Mvua. Kidonda kinakauka. Anakula kidogo, anajibu ndiyo mama, hapana mama.


Jumatano, tarehe 7 Mei

Ameanza kuchuma tena. Anachuma upande ule wa chini, mimi huu wa juu. Zamani tulikuwa tunachuma mstari mmoja. Tena anachuma vizuri, majani mawili na chipukizi, bila kosa, kama mtu ambaye amekubali kwamba hiyo ndiyo kazi yake mpaka azeeke. Nilitaka hivyo. Sasa nikiangalia mgongo wake pale chini nasikia uchungu, na sijui nani wa kulaumu.

Presha imepanda. Nesi ameuliza kama naandika. Nimemwambia naandika mvua.


Jumapili, tarehe 11 Mei

Leo nitaandika sana.

Wakonyo amekuja, akisukuma ile baiskeli. Alikuwa ameloa. Vivian alikuwa kwa rafiki yake, labda Wakonyo alijua. Sikumkaribisha lakini sikumfungia mlango, akasimama pale barazani.

Alisema siku ile, baada ya kliniki, alirudi Kona ya Maziwa kuangalia alama ya tairi. Akakuta mstari mmoja tu mweusi, mrefu, wa tairi la nyuma. La mbele halikuacha kitu. Kwa hivyo Vivian hakugusa breki ya mbele kabisa. Akamuuliza juzi sokoni. Vivian akasema katika nyumba yao breki ya mbele haiguswi. Baba alikataza.

Ni kweli. Mokaya aliona mwenzake akirushwa juu ya usukani na mitungi ikamfuata. Siku hiyo hiyo alitoa breki ya mbele ya baiskeli yake, na ule waya wake ndio mpaka leo tunatundikia sufuria. Alipomfundisha Vivian baiskeli alimwambia, na mimi nikaongezea kila siku akitoka: hata kwa baiskeli ya watu, ya mbele ni ya kaburi, shika ya nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Nikamwambia Wakonyo mume wangu alijua baiskeli kuliko yeye. Hakuwahi kuanguka pale.

Hakubishana. Akasema, "Mama Vivi, nimemwambia Vivian mara nyingi ashike zote mbili. Kwenye tambarare anashika. Akiogopa, vidole vinarudi kwa neno la baba yake. Hilo neno ni la nyumba hii, mimi siwezi kuliondoa."

Kwetu neno la marehemu halivukwi hivi hivi. Yeye ni wa kabila lingine, na alielewa hivyo bila kuambiwa.

Akaniomba nitoke naye nje. Akanipa baiskeli niishike, mimi ambaye sijawahi kuendesha hata ya mtoto. Ni nyepesi, unaweza kuidhani ni ya karatasi. Njia yetu ya kuteremka mtoni ilikuwa tope na nyasi. Akasema nitembee nayo nikiisukuma kwa haraka, halafu nishike breki ya nyuma pekee. Nikashika. Gurudumu likafunga, lakini baiskeli haikusimama. Ilinivuta, sehemu ya nyuma ikaanza kutembea upande, na mimi nikateleza nayo mpaka kwa ua wa jirani. Tukapanda tena. Safari hii nishike zote mbili, ya mbele polepole, kama ninavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva. Nikabonyeza. Ikasimama chini ya mkono wangu kama ng'ombe mpole.

Nikarudia. Nikarudia tena. Kiplangat alipita akauliza kama na mimi naingia mashindano, tukaendelea kusukuma.

Nikamwambia Wakonyo kwamba basi Mokaya alimfundisha mtoto vibaya.

Akasema, "Hapana. Mokaya alikuwa na mitungi ya maziwa nyuma. Uzito wote ulikuwa pale, tairi la nyuma limekandamizwa chini, ndilo la kushikwa. Mtoto wako hana maziwa. Akiteremka, uzito wake wote unakuja mbele."

Tukasimama pale kwenye mvua. Nilikuwa naona mgongo wa Mokaya na mitungi, na mimi mwenyewe nimekaa pale nyuma, nimefunga macho. Kumbe hata mimi nilikuwa nikimsaidia kusimama.

Nikamwambia aingie ndani, chai ipo. Nikampa leso yangu ajifute kichwa. Nilitaka kuongea juu ya yale niliyomwambia kliniki, akanitangulia kwa kuuliza kama kuna chinsaga iliyobaki.


Jumatatu, tarehe 12 Mei

Nilimwita Vivian tuchume mstari mmoja. Tukachuma kitambo. Halafu nikamwambia, "Baba yako alikataza breki ya mbele kwa sababu ya maziwa. Wewe hubebi maziwa. Mimi mama yako nimekufungulia. Shika zote mbili."

Akaendelea kuchuma. Baadaye akauliza, "Baba hawezi kukasirika?"

Nikasema, "Atakasirika ukianguka mara ya pili."

Akacheka kidogo na kulia kidogo. Akaniambia, Mathe, umesukuma baiskeli mpaka kwa ua wa kina Kiplangat, watu wote wanasema. Nikamwambia waseme.


Jumapili, tarehe 18 Mei

Wameanza tena, wakati wa mvua yenyewe, kwa makusudi. Wakonyo anasema anayejifunza kona kwenye jua amejifunza nusu. Wanapunguza mwendo kabla ya kukunja, halafu wanaachilia breki, mguu wa nje unashuka chini, goti la ndani linafunguka. Nimeangalia kwa mbali. Nimeangalia mpaka walipomaliza.


Alhamisi, tarehe 22 Mei

Kiplangat anapunguza mwendo mwenyewe pale kona siku hizi. Anasema msichana amemwaibisha.


Jumapili, tarehe 25 Mei

Somo la mwisho. Walipomaliza Wakonyo alibaki kunisaidia kumenya viazi vyake mwenyewe alivyotuletea. Nilimuuliza Londiani kuna baridi kiasi gani. Akaanza kunieleza blanketi, chakula, nyumba wanayolala, kanisa letu liko wapi kutoka pale. Alikuwa ameshauliza kanisa. Nilipika nikiwa namsikiliza, na mara moja tu nilitamani Vivian asipate nafasi hiyo, abaki. Nimeliandika ili litoke kifuani.


Jumapili, tarehe 1 Juni

Nianze na lililo muhimu, ili siku nikisoma tena nisishtuke: amefika mzima.

Tena amekuwa wa tatu. Wiki ijayo anahamia Londiani. Nyumba yangu hapa imejaa watu, wanakula, Kiplangat anaeleza mashindano yote na hakuyaona, alikuwa amebeba abiria. Nimejificha chumbani niandike kidogo.

Watu wengi walienda Kericho kuona mwisho. Mimi nilienda Kona ya Maziwa pamoja na akina mama wa Dorkasi wa kanisani. Tulikuwa tumepanga kumshangilia. Mimi nilikuwa nimepanga kumwita kwa jina, aone niko pale, asiogope. Asubuhi ilinyesha, halafu ikaacha, barabara ikawa inang'aa kama tumbo la samaki. Wakonyo alipita kwa pikapu mbele ya mashindano, akasimama mahali tulipokuwa, akatoa kichwa.

"Akina mama, hapa juu kwenye kona msimwite mtu jina. Mtu akiitwa hugeuza macho, na baiskeli huenda macho yalikoenda. Mama Vivi, hata wewe."

Akaenda. Wale mama wakaniangalia.

Tulisubiri. Nilisikia kabla ya kuona, ule mlio wa magurudumu yakizunguka bila mguu kukanyaga, kama panzi wengi wa majani marefu. Wakapita wawili, kisha wengine, sikuwajua, walikuwa wameinama nyuso ziko karibu na usukani. Nikasema pengine ameanguka huko juu. Nikasema pengine ameachwa. Nilikuwa nimeng'ata leso.

Ndipo akatokea. Alikuja haraka kuliko nilivyowahi kumwona, haraka kuliko baba yake. Niliona vidole vyake vimekaa mahali pake, kisha goti lake likafunguka kuelekea upande wetu, upande niliosimama, karibu hivi ningeweza kugusa. Nilikuwa na jina lake mdomoni. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kulitoa, kama siku zile alipokuwa mdogo akielekea jikoni penye moto.

Sikuliita. Yeye alikuwa anaangalia mbele, chini kule barabara inakofungukia darajani. Alipita na hakuniona.

Akavuka daraja, akapanda, akaingia nyuma ya mikaratusi. Nilingoja mpaka sikuona tena rangi ya shati lake. Ndipo nikaita, Vivian, kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia chakula kiko tayari.